Kabla Hujaulaumu Mtutu: Namna ya Kuifanya Raifo ya Kiwandani Ipige Unapolenga

Wiki mbili kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa Julai, mzee mmoja alinijia na raifo yake ya CZ 550, inayotumia risasi za .30-06. "Mwanangu," akasema, "hii bunduki imezeeka. Nitafutie fundi wa kubadilisha mtutu." Tukaenda wote uwanja wa shabaha, maana bunduki ni yake na leseni ni yake. Akapiga risasi tano kwa mita 100. Karatasi ilikuwa kama imetafunwa na panya: kutoka tundu la mwisho upande huu hadi la mwisho upande ule, sentimita 14.

Baada ya siku tatu, bunduki ileile, mtutu uleule, risasi za boksi lilelile, ilikuwa inaweka tano ndani ya sentimita nne. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya msasa na kopo dogo la vanishi. Nitaeleza tulichofanya, na mengine ambayo yeye hakuyahitaji lakini wewe huenda ukayahitaji.

Kuna utaratibu mmoja tu ninaoushikilia: anza na visivyogharimu kitu na vinavyoweza kurudishwa kama vilivyokuwa, malizia na vile ambavyo ukishakata umekata. Na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Ukikaza skrubu na kubadilisha risasi siku hiyohiyo, bunduki ikitengemaa hutajua ni dawa ipi iliyoponya.

Kwanza sheria na usalama

Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya wana sheria yao ya silaha, na uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku huko tangu 1977, kwa hiyo ndugu zangu wa upande ule mnaosoma hapa wengi mtakuwa wapiga shabaha wa viwanjani. Kwa utaratibu wangu, kusafisha, kukaza na kurekebisha kitako ni kazi ya mwenye bunduki. Kazi ya kukata mtutu, kugusa chemba (tundu inamokaa risasi) au meno ya ndani ya kifyatulio ni ya fundi mwenye leseni, basi.

Kabla ya kugusa chochote: toa magazini, fungua bolti (kile kikomeo cha chuma kinachofunga chemba), angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uihakikishe. Chomoa bolti, iweke pembeni. Risasi zikae chumba kingine kabisa, zisikae meza unayofanyia kazi.

Pima ilivyo sasa

Watu wengi huruka hapa. Anapiga tatu, mbili zinagusana, moja imekwenda zake, anasema "ile nilikosea mimi". Labda. Labda pia zile mbili ndizo zilizobahatika. Kundi la risasi tatu hudanganya sana. Piga tano, na ukiweza piga makundi mawili ya tano kwenye karatasi tofauti. Pima kutoka katikati ya tundu moja la mbali hadi katikati ya jingine, andika kwenye karatasi yenyewe: tarehe, aina ya risasi, saa, jua au mawingu.

Kwa kipimo: dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9. Raifo ya kiwandani inayoweka tano ndani ya sentimita 4 au 5 kwa umbali huo inatosha kabisa kwa uwindaji. Sehemu ya uhai ya swala pala, nyuma tu ya bega, ni kama kisahani cha chai. Anayekwambia bunduki yake ya dukani inaweka zote tundu moja, mwombe akuonyeshe karatasi.

Kaa mezani, usilale begani kwa mtu wala juu ya boneti ya Land Cruiser. Mbele weka begi au mfuko wa mchanga, nyuma chini ya kitako weka mfuko mdogo. Mimi nina mguu wa suruali ya jinzi uliokatwa, umejazwa mchele na kushonwa pande zote. Una miaka tisa sasa na bado haujaliwa. Angalia mtutu usiegemee kitu chochote. Kinachoegemea ni kitako tu, na sehemu ileile kila mara. Chuma cha mkanda kule mbele kisikwaruze mfuko bunduki inapopiga teke.

Mtutu mwembamba wa uwindaji hupata moto haraka. Baada ya risasi tatu au tano, fungua bolti, iweke kivulini, kunywa chai. Ukiweza kuushika mtutu kwa kiganja bila kuachia, endelea.

Sasa jaribio la mpigaji mwenyewe. Mwambie mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi. Mzee wangu alikubali kwa shingo upande. Ya tatu ilikuwa bandia: kifyatulio kikalia "tik", na mdomo wa bunduki ukainama chini kama mtu anayesalimia wakwe. Akacheka mwenyewe. Ule mwinamo peke yake ulikuwa na sentimita zake kadhaa. Dawa yake ni kubonyeza taratibu bila kujua lini itatoka, na kuvaa kinga ya masikio, maana wengi tunashtukia sauti zaidi ya teke.

Skrubu, kuanzia juu kwenda chini

Nikiletewa bunduki inayotawanya, nusu ya safari huwa inaishia hapa. Barabara zetu za rasta, zenye vituta mfululizo, hulegeza kila kitu, na mtu akiona kimelegea hukaza kwa hasira.

Anza na darubini. Shika bunduki kwa mkono mmoja, darubini kwa mwingine, itikise. Ukisikia hata mlio mdogo, umepata mwizi. Hata kama husikii, fungua pete zinazoishika darubini, fungua besi zinazobeba pete, futa mafuta yote kwenye skrubu na matundu yake kwa spiriti, acha zikauke. Besi nyingi za kiwandani hufungwa juujuu tu na zimelowa mafuta ya kuzuia kutu. Rudisha kwa tone dogo la gundi ya bluu ya nyuzi za skrubu, ile inayofunguka kwa mkono. Nyekundu usiikaribie. Skrubu za pete zinatosha kwa Nm 2 hivi (Nm ni newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Ukizidisha unaiminya darubini yenyewe na vioo vya ndani vinakataa kusogea. Kaza kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo, ili pengo la pete libaki sawa pande zote mbili. Bisibisi ya torki, inayopima nguvu hiyo, ni ghali kwetu, lakini wanne mkichangishana inawatosha.

Ukiwa hapo, weka darubini mbali na jicho inavyopaswa. Kwa bunduki ya .375, yenye teke kubwa, nataka sentimita 9 au 10 kutoka kwenye nyusi. Wenye kovu la nusu mwezi juu ya jicho wanajua ninachozungumzia.

Kisha skrubu za chini, zinazounganisha mtambo (chuma cha katikati kinachobeba bolti na kushika mtutu) na kitako. Nikisema kitako hapa nina maana ya mbao yote, kuanzia begani hadi inapokomea chini ya mtutu. Kitako cha mbao tupu, Nm 4 hadi 5. Chenye nguzo za chuma au alumini ndani, Nm 6 hadi 7. Maelekezo ya kiwanda yakisema vingine, fuata kiwanda. Kabla ya kukaza, simamisha bunduki wima, kitako chini, uigonge kidogo juu ya mpira au kapeti. Chini ya mtambo, upande wa mbele, kuna kibonge cha chuma kinachopokea teke lote. Mimi hukiita kisigino. Unataka kisigino kikalie nyuma kabisa kwenye mbao kabla hujafunga. Kaza ya mbele kwanza, halafu ya nyuma.

Mambo mawili madogo ambayo hata mafundi huyasahau. Moja, sanduku la magazini. Bunduki ikiwa imekazwa, sanduku la chuma lililo kati ya mtambo na kifuniko cha chini linatakiwa liweze kuchezacheza kidogo, juu na chini. Likiwa limebanwa halichezi kabisa, maana yake skrubu zinakaza sanduku, hazikazi mtambo kwenye mbao. Kila risasi mtambo unakaa mahali papya. Mbili, urefu wa skrubu ya mbele. Ikiwa ndefu kupita kiasi ncha yake inagusa bolti. Utaona alama inayong'aa kwenye ncha, au bolti inakuwa nzito ghafla ukishakaza.

Na sasa kwa mzee. CZ 550 ina skrubu ya tatu mbele kabisa, inayoshika mtutu kwenye kitako. Niligeuza bunduki nikaiona imezama ndani ya mbao, kichwa chake kimechubuka.

"Mzee, hii ilikazwa na nani?"

"Nilikaza mwenyewe, isije ikalegea porini."

Alikuwa ameuvuta mtutu chini kama upinde. Mvua za masika zikaja, mbao ikavimba, ikausukuma mtutu juu, skrubu ikaukataza. Mtutu ukawa unagombaniwa na pande mbili, na kila ulipopata moto ulikwenda kwa aliyeshinda. Nililegeza ile skrubu, nikairudisha kwa ncha za vidole mpaka ikaguse tu. Hapohapo kundi likashuka kutoka 14 hadi sentimita 8.

Tahadhari: kwenye bunduki kubwa, mfano zile za .375, mara nyingi pale mbele kuna kisigino cha pili kilichowekwa makusudi kwa ajili ya teke. Hapo skrubu usiitoe wala kuiacha ikining'inia. Ifunge kwa kiasi, si kwa nguvu za kufungulia nati za gurudumu.

Kitako na pumzi ya mtutu

Chukua noti ya shilingi elfu, ikunje mara mbili, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kurudi nyuma. Inatakiwa iteleze mpaka karibu na mtambo bila kukwama. Ilipokwama, hapo pameguswa. Ya mzee ilikwama upande wa kushoto, sentimita 12 kutoka mbele, na mbao pale ilikuwa imefanya doa jeusi la kung'aa. Mtutu unapopiga hutikisika kama ufito. Ukigonga mbao kila mara kwa namna tofauti, kila risasi inapata njia yake.

Usikimbilie msasa bado. Viwanda vingine huacha kidonge cha mbao mbele makusudi kiusukume mtutu juu kidogo, kwa sababu mtutu mwembamba wakati mwingine hupendelea hivyo. Njia ya kujua haigharimu kitu: legeza skrubu, weka kipande cha kadi ngumu chini ya mtambo, mbele na nyuma, ili mtutu unyanyuke usiguse popote. Kaza, upige kundi. Likipungua, ondoa mbao. Likizidi kutawanyika, rudisha ulivyokuta.

Kuondoa mbao: zungushia msasa kipande cha bomba au kiboksi cha spana chenye unene unaokaribia mtutu. Sugua kwa mikono miwili, sawasawa, ukikagua kwa noti kila baada ya dakika chache. Mimi naacha pengo la milimita 1.5 hadi 2 pande zote. Sipendi pengo jembamba la kupendeza kwa macho, kwa sababu mbao ya Dodoma ikipelekwa Tanga wakati wa masika inakuwa mbao nyingine.

Kwa sababu hiyohiyo, usiache mbao mbichi. Viwanda hung'arisha nje, ndani huacha kavu, na maji huingia hukohuko. Pakaa vanishi au mafuta ya mbao matabaka matatu ndani ya mfereji wote, kwenye matundu ya skrubu na nyuma chini ya mpira wa begani. Baada ya hatua hii CZ ya mzee ikaweka tano ndani ya sentimita 4. Tukaishia hapo.

Wenye vitako vya plastiki laini, shida yenu ni nyingine. Noti inapita vizuri bunduki ikiwa mezani, lakini ukiilalia ikiwa juu ya stendi ya miguu miwili plastiki inapinda na kugusa mtutu. Jaribu noti huku mwenzako akibonyeza kitako kwa mkono.

Kutandika mtambo kwa epoksi

Kipimo cha kujua kama unahitaji: bunduki imefungwa, weka kidole nusu kwenye mtutu na nusu kwenye mbao, pale mbele mwisho wa kitako. Mwenzako alegeze skrubu ya mbele taratibu, akaze, alegeze. Ukihisi mtutu unanyanyuka na kushuka, mtambo haukukaa sawa kwenye mbao. Unapinda kila unapokazwa. Hapo epoksi inasaidia. Usipohisi kitu, ruka sehemu hii.

Tumia epoksi ya chuma yenye sehemu mbili, nzito kama ugali mlaini. Ile ya dakika tano haifai. Kazi yenyewe huenda hivi.

Chonga mbao kidogo, milimita 2 hivi, nyuma ya pale kisigino kinapokalia na chini ya pete ya mbele ya mtambo, pamoja na eneo la mkia wa nyuma. Acha visehemu vichache bila kuchonga ili mtambo ukae kwa kimo kilekile. Toa kifyatulio. Kila tundu, kila mfereji, kila kona kwenye mtambo, ziba kwa udongo wa plastiki wa watoto. Kisigino kifungie utepe tabaka moja au mbili mbele, pembeni na chini. Uso wa nyuma usiufungie kitu, huo ndio unaotakiwa kugusa epoksi.

Halafu pakaa kila chuma kitakachokaribia epoksi kwa rangi ya viatu. Ndiyo, Kiwi ya kawaida. Pakaa, acha ikauke, ng'arisha, pakaa tena. Skrubu pia, nyuzi zake zote. Zungushia utepe mtutu karibu na ncha ya kitako ili ukae katikati ya mfereji.

Changanya epoksi, iweke bila mapovu, shusha mtambo taratibu mpaka ukalie. Skrubu ziongoze tu, usizikaze. Ukikaza unaugandisha ule mpindo uliotaka kuuondoa. Inayofurika ifute kwa pamba yenye siki kabla haijashika. Acha saa 24.

Nitakiri jambo. Mara yangu ya pili kufanya kazi hii nilisahau kuziba tundu moja dogo la pini. Kesho yake bunduki na kitako vilikuwa kitu kimoja, kama vimezaliwa pamoja. Nilivuta, nikagonga kwa nyundo ya mpira, wapi. Dawa ni baridi: chuma kikisinyaa, rangi ya viatu inaachia. Nikaviingiza mshazari kwenye friza la mke wangu la biashara. "Na samaki wa watu waende wapi?" akauliza. Saa nne baadaye, pigo moja la nyundo ya mpira, vikaachana. Samaki walipona. Mimi nilisemwa wiki nzima.

Kifyatulio

Pima uzito wake kwa mizani ya kuning'iniza ya mizigo ya safari, bunduki tupu, ndoano kwenye kifyatulio, vuta moja kwa moja nyuma. Nyingi za kiwandani hutoka na kilo 2 hadi 3. Kwa porini mimi napenda kilo 1.5, sishuki chini ya 1.2. Kama bunduki yako ina skrubu ya marekebisho iliyotajwa kwenye kijitabu chake, itumie kwa robo mzunguko kila mara. Kama haina, peleka kwa fundi. Mambo ya kuona video na kupiga msasa meno ya ndani achana nayo. Hata viwanda huteleza hapa: mwaka 2014 Remington ililazimika kuita zirudi bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kubonyezwa.

Baada ya kugusa chochote, bunduki tupu, bolti imefungwa na kukokwa: gonga kitako juu ya mpira mara kadhaa, funga bolti kwa nguvu mara kumi, weka sefti, bonyeza, toa sefti. Ikijifyatua hata mara moja tu, rudisha uzito juu au ipeleke kwa fundi.

CZ 550 nyingi zina kifyatulio cha kusukuma mbele, ambacho baada ya hapo hufyatuka kwa mguso wa unyoya. Mezani ni kitamu. Porini, na mkono uliojaa jasho na nyati mbele, usikiguse.

Risasi

Mtutu una mate yake. Kuna risasi unazipenda na kuna unazozitema, na hakuna awezaye kukwambia kabla ya kujaribu. Kwa .30-06, ambayo mifereji ya ndani ya mtutu wake huzunguka mara moja kila inchi 10, tafuta vichwa vya gramu 9.7, 10.7 na 11.7, yaani zile zinazoandikwa 150, 165 na 180 kwenye boksi. Piga kundi la tano kwa kila aina siku moja, hewa tulivu. Ninavyoona, tofauti kati ya risasi nzuri na mbaya kwa mtutu mmoja huwa kubwa kuliko kazi yote ya epoksi. Ukishaipata inayokubali, soma namba ya toleo kwenye boksi na ununue za namba hiyo kwa kadiri leseni yako inavyoruhusu.

.375 H&H ni ya mwaka 1912 na bado inasifiwa kwa kuweka vichwa vya uzito tofauti karibu mahali pamoja. Usiitegemee sifa hiyo, ithibitishe.

Risasi zisilale kwenye dashibodi. Baruti yenye joto huongeza msukumo, na risasi iliyookwa saa sita mchana haitagonga mahali ilipogonga asubuhi.

Usafi wa ndani

Fimbo ya kusafishia ipite kutoka upande wa chemba, ikiongozwa na kiongozi cha plastiki. Fimbo za vipande vitatu vya kuunganisha, zinazouzwa kwenye vifuko, hukwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu; bora kamba ya kuvuta kuliko hizo. Tumia dawa ya kuondoa shaba, acha dakika zilizoandikwa kwenye chupa, pitisha kitambaa. Kikitoka bluu au kijani, shaba bado ipo. Rudia. Mitutu niliyoletewa kama "imekufa" mingine ilikuwa na tabaka la shaba la miaka sita.

Malizia kwa mafuta kiduchu, na kabla ya kupiga pitisha kitambaa kikavu. Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta hukimbia.

Mdomo wa mtutu ukague kwa pamba: izungushe ukingoni ukivuta kutoka ndani kwenda nje. Nyuzi zikinasa sehemu moja, pana mchubuko, na hiyo ni kazi ndogo ya fundi mwenye mashine.

Darubini inayodanganya

Kama bado inatawanya, azima darubini unayoiamini na uijaribu. Au fanya mraba: piga moja, sogeza mibonyezo 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga, 20 juu, piga. Ya mwisho inatakiwa iangukie juu ya ya kwanza. Mbonyezo wa robo dakika ni milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kila upande wa mraba uwe kama sentimita 14. Isiporudi, tatizo hukulipata kwenye bunduki.

Baada ya haya yote ikiwa bado sentimita 10, ndipo fundi aangalie kama meno ya bolti yote mawili yanagusa, apime chemba, na azungumze habari ya mtutu mpya.

Siku ya kuondoka

Piga risasi moja tu, mtutu baridi, asubuhi. Iache karatasi hiyohiyo, kesho yake piga nyingine moja, na keshokutwa. Hizo tatu ndizo zinazofanana na porini, ambako mnyama hakusubiri upashe mtutu moto. Kisha rudia ukiwa umesimama na fito tatu za kuegemea. Utashangaa sentimita zinavyorudi.

Mwisho, chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha, uanzie kwenye kichwa cha kila skrubu uvuke hadi kwenye chuma kilicho jirani. Binti wa mzee alitoa chupa yake nyekundu. Ukifika kambini baada ya kilomita mia tatu za rasta, angalia kila mstari. Uliokatika, kaza mpaka uungane tena, halafu piga mbili kwenye boksi la katoni kabla hujaingia porini.